Mkono wa Sultani Ulipofika Chooni

Haya, mmeshaanza. Mtu hajamaliza hata kupembua mchele, mnamjia na "bibi hekaya, bibi hekaya," kana kwamba hekaya hutoka kinywani bure kama pumzi. Mkiitwa kuchota maji hamna masikio. Tena mnaitaka ile ile ya Sultani na choo, ambayo mkishasikia neno choo mnaangua kicheko na kilichobaki hamkisikii. Nitaieleza mara moja tu, na atakayecheka kabla ya mahali pake ndiye atakayesugua masufuria.

Hapo zamani, katika mji wa Shumbwe, alikuwako Sultani jina lake Mwinyimvua, naye alikuwa mvivu. Sisemi mvivu wa kazi, maana wa namna hiyo ni wengi na wengine wamekaa hapa hapa mbele yangu. Huyu alikuwa mvivu wa kuinuka. Akishakaa kitini, kumwinua ni kama kung'oa kisiki. Basi akatafuta hila ya kutawala bila kusimama, akaipata. Alikuwa na bakora ya mpingo, ndefu, nyembamba, kichwa chake kimechongwa mfano wa mdomo wa kasuku, kimepinda na ncha yake imechongoka. Akapiga mbiu mji mzima ya kuwa tangu siku ile bakora hiyo ni mkono wake. Itakapokwenda, mkono wa Sultani umekwenda. Itakachokigusa, Sultani amekigusa. Na atakayeikataa amemkataa Sultani mwenyewe, kichwa chake kitafute shingo nyingine.

Ikawa hivyo. Akamweka mtu wa kuichukua, jina lake Shamte. Kukiwa na msiba, Shamte huja na bakora, wafiwa wakaishika kama wanaopewa mkono wa pole. Kukiwa na karamu, bakora hulazwa juu ya mto, ikapakuliwa sahani yake ya pilau, na Shamte akaila kwa niaba ya mkono, ndiyo sababu alikuwa na tumbo la mjamzito. Ikimwangukia mtu mgongoni, hapana pa kushitaki, kwa kuwa aliyepiga ni Sultani. Ikigusa mbuzi wako pembe, mbuzi si wako tena. Na Sultani alipotaka mke wa nne, binti wa mzee Mwinchande, diwani mwenye watu wengi na hasira nyingi zaidi, hata huko hakuona haja ya kwenda. Mzee Mwinchande alipeana mkono wa ndoa na bakora, mbele ya kadhi, naye kadhi akatazama mkeka, akasema ndoa imesihi. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni.

Katika mji huo alikuwako mwanamke mmoja, Bi Mize, mjane wa marehemu Vuai aliyekuwa akiwinda nguruwe waharibuo mashamba. Hakuwa na kitu. Alikuwa na kijumba cha udongo, na kanga zinazopokezana kuanikwa, na kazi ya kuamia ndege katika mashamba ya mpunga ya watu. Walimwita punguani, kwa kuwa aliuliza mambo ambayo mwenye akili huyanyamazia. Siku ya harusi ile ya bakora, yeye ndiye aliyeuliza mbele za watu kama bwana harusi atalala kitandani au atasimamishwa ukutani.

Lakini uwanjani kwake, upande unaoelekea ua wa Sultani, palikuwa na kisima, nacho ndicho kisima pekee cha maji matamu katika Shumbwe. Vingine vyote vilikuwa vya maji ya chumvi, ukipikia maharage hayaivi hata uyatukane. Bi Mize hakumzuia mtu. Aliyekuja na mtungi alichota, akasengenya kidogo, akaenda zake.

Hilo ndilo lililomkera Sultani. Kila akikaa kibarazani aliwaona watu wakipita na maji matamu pasipo kumlipa yeye chochote, akahisi kama wanamwibia. Akataka kisima kile akizungushie ukuta, na mwenye kiu alete kuku. Alipofariki Vuai, Sultani alipeleka bakora mazikoni, kisha akakaa akingoja eda ya mjane iishe, maana alikwisha kuona mlango wa kuingilia.

Mlango wenyewe ulikuwa desturi yao. Pale Shumbwe mwenye nyumba akifa, mrithi wake husimama kizingitini, kisigino kikigusa mlango, akaurusha mkuki wa marehemu mbele yake. Utakapochoma ardhi ndipo utakapoishia uwanja. Ilikuwa desturi ya kipumbavu, lakini ni yao, na mipaka yote ya mji ilikatwa hivyo. Ndiyo maana wenye mabega mabovu waliishi wamebanana kama dagaa kapuni, na wenye mabega mazima walikuwa na nafasi hata ya kufugia bata. Vuai mwenyewe siku ya zamu yake alikivuka kisima kwa unyayo mmoja, na bega lile halikumpona mpaka anaingia kaburini. Na Bi Mize hakujaaliwa mtoto.

Basi eda ilipokwisha, Shamte akaja na bakora yake, akapiga hodi, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa kwa kuwa kiti hapakuwa. Akamweleza mjane maneno ya Sultani: Ijumaa, watu wakitoka msikitini, aurushe mkuki kama desturi. Ukikivuka kisima, uwanja wote ni wake. Usipokivuka, hatakuwa na kisima, wala uwanja, wala nyumba. Atatoka na kanga zake. Wala mtu mwingine asimrushie, awe ndugu au jirani. Wala usitumike upinde, wala kombeo, wala kitu kingine chochote ila mkono.

Bi Mize akauliza, "Mkono tu?"

"Mkono tu, Bi Mize. Ndivyo alivyonena, nami nimekuja nikiyakariri njia nzima nisipunguze neno."

"Basi mwambie nimesikia. Na wewe ukitoka hapo urudishe kinu kama ulivyokikuta."

Kisha Shamte akamlazia bakora magotini aibusu, kama ilivyokuwa ada. Bi Mize akaibusu, lakini hakuinua uso upesi. Aliutazama ule mdomo wa kasuku, akaupapasa ncha yake kwa kidole gumba. Shamte akadhani mjane amezidiwa na uchungu, akajikohoza kwa huruma, akaondoka.

Uchungu alikuwa nao, msidhani. Usiku alilala kama watu wengine, maana kukesha hakurefushi mkono, lakini asubuhi aliuchukua mkuki wa marehemu akaenda nao shambani pasipo na mtu. Ulikuwa mkuki mwembamba, mti wake unanesa, na kitako chake kilikuwa na kishimo, kwa kuwa kipande cha chuma cha nyuma kilikwisha kudondoka. Akasimama kwenye tuta, akaurusha kwa nguvu zote alizozipata katika kutwanga. Mkuki ukaenda kidogo, ukalala chini kama mlevi. Akaurusha tena, na tena, mpaka kwapa likamuuma. Mara iliyokwenda mbali kupita zote haikufika hata nusu ya masafa ya kisima. Akakaa juu ya tuta, akamtukana Sultani, akamtukana na Vuai kwa kufa kabla ya wakati, akajifuta pua.

Alipokuwa amekaa hivyo, ndege wakaushukia mpunga. Kazi ni kazi. Akachukua fimbo, akabandika donge la udongo kwenye ncha yake, akaipunga; donge likachomoka likapiga mbali kule mwisho wa shamba, ndege wakatawanyika. Jambo hilo si elimu. Kila mtoto wa Shumbwe alikwisha kulifanya, na Sultani mwenyewe, zama zile alipokuwa bado anasimama. Donge lile ukilitupa kwa kiganja linaanguka jirani. Ukilitupa kwa ncha ya fimbo linakwenda mpaka ulisahau. Nguvu ni zile zile, bega ni lile lile.

Na sababu yake si uchawi. Nyinyi mnapocheza mmeshikana mikono msururu mmoja mnazunguka, yule wa kati si anageuka tu pale pale? Na yule wa mwisho anakimbia mpaka kanga inamtoka. Mzunguko ni mmoja, wameuanza pamoja na wataumaliza pamoja, lakini wa mwisho ana njia ndefu, hana budi kwenda mbio. Bega ndilo la kati. Kiganja kiko karibu nalo, kwa hiyo mwendo wake ni wa kiasi. Ongeza fimbo mbele ya kiganja, na ile ncha ya fimbo ndiyo yule mtoto wa mwisho. Kilichokaa pale kikiachiwa, kinaondoka na mbio zote zile.

Bi Mize akatazama fimbo, akatazama mkuki, akatazama kile kishimo cha kitakoni. Akaenda kuleta upembo wake, ile fimbo yenye kulabu ya kuangulia mapera. Akaushika kwa mwisho wake, akaulaza mkuki juu ya fimbo, kulabu ikaingia katika kishimo kama kidole puani. Kisha akaupunga mkono kutoka nyuma ya sikio.

Mara ya kwanza mkuki uligeuka ukamkosakosa yeye mwenyewe. Mara ya pili uliingia mpungani. Ikamlazimu ajifunze kuuachia kwa vidole pole pole, na kukitikisa kifundo cha mkono mwisho kabisa, si mwanzo. Alipokwisha kulijua hilo, mkuki ulitoka ukitikisika kama mkunga majini, ukalivuka shamba, ukavuka na mfereji, akatembea kuufuata mpaka akachoka. Waliopita njiani wakasema Bi Mize amerukwa, anapigana na upepo. Yeye akaenda kuuchomoa mkuki wake. Alikuwa na jambo moja la kulifikiria, kwamba upembo si mkono, na Sultani alisema mkono tu.

Ikafika Ijumaa. Watu wakatoka msikitini wakaja kama waendao ngomani, kila mtu na mtungi wake, maana waliona kuwa labda leo ndiyo mwisho wa kuchota bure. Mzee Mwinchande akaja na jamaa zake, akakaa kitini. Kadhi akaja, akatafuta mkeka wa kutazama. Shamte akaja na bakora. Sultani hakuja. Alikuwa amekula chakula kizito, akasema mkono wake unatosha.

Desturi ilitaka mrushaji aape kwanza kuwa ndiye mrithi wa kweli, na tangu ile mbiu kila kiapo kiliapwa mtu ameishika bakora. Basi Shamte akampa Bi Mize bakora ashike. Akaapa vizuri, kwa sauti. Kisha Shamte akanyoosha mkono airudishiwe, Bi Mize asimpe.

"Shamte," akasema, "kabla sijaondolewa hapa, niulize jambo. Watu wanasema mimi punguani, nisije nikakosea desturi. Hii niliyoshika ni nini?"

"Bi Mize, mji mzima unajua. Ni mkono wa Sultani."

"Ikinipiga mgongoni, amenipiga nani?"

"Sultani."

"Ikichukua mbuzi?"

"Amechukua Sultani."

"Na mzee Mwinchande pale alipoozesha, alimpa nani mkono?"

Shamte akamtupia jicho mzee Mwinchande, akaona hapana nafasi ya mzaha. "Alimpa Sultani," akasema.

"Haya. Nami nimeagizwa nirushe kwa mkono, na kitu kingine kisitumike ila mkono. Sultani ni mtu mwema, ameona mkono wangu mfupi, ameniletea wake."

Na pale pale, Shamte hajafunga kinywa, akaishika bakora kwa mwisho wake, akaulaza mkuki, mdomo wa kasuku ukauma kitakoni, kisigino mlangoni, akaupunga.

Mkuki ukalia hewani. Ukapita juu ya kisima, na wanawake waliokuwa ukingoni wakainua shingo wote pamoja kama kuku wanaomwona mwewe. Ukapita juu ya mchicha. Ukapita juu ya ua wa Sultani, ukazama nyuma yake. Mtu mmoja akaanza kusema "umeingia," hata hajamaliza, wakasikia kutoka nyuma ya ua ukelele ambao haukuwa wa kisultani hata kidogo.

Maana nyuma ya ua ule kilikuwako choo cha Sultani, kimezungushiwa makuti, hakina paa, kwa kuwa Mwinyi alipenda kutazama mbingu akiwa kazini. Naye alikuwako, na chakula chake kizito. Mkuki ulishuka kutoka juu ukachoma ardhi baina ya miguu yake, palepale, akasalimika kwa upana wa kidole, na ni bahati ya kizazi chake.

Haya, sasa chekeni. Mahali pake ni hapa.

Basi kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi Shumbwe wakamwona Sultani wao akikimbia. Alitokea langoni hana kilemba, kikoi amekishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameukunja ngumi, akauliza ni nani aliyetaka kumwua. Watu wakamtazama Shamte. Shamte akatazama bakora. Akasema kwa unyenyekevu, "Ni wewe, Mwinyi."

Sultani akapiga makelele mpaka akaishiwa. Akasema mwanamke huyu ametumia fimbo, na fimbo si mkono, na kila mtu mwenye macho anaona kuwa fimbo ni fimbo, kipande cha mti, hata mtoto anajua. Aliyasema hayo mbele ya umati mzima, kwa sauti ya kusikika hadi pwani, na Bi Mize akamwacha amalize. Aliiegemea bakora tu, kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Mzee Mwinchande akainuka kitini. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mwinyimvua," akasema, wala hakumwita Mwinyi, wala hakumwita Sultani. "Kama hiki ni kipande cha mti, binti yangu anaishi na nani humo ndani?"

Na nyuma yake mtu akauliza habari ya mbuzi wake. Na mwingine wa beberu. Na mwingine akavua kanzu kuonyesha mgongo, akasema ikiwa aliyempiga si Sultani bali ni Shamte, basi wampishe amwone Shamte. Shamte akasogea nyuma ya kadhi. Jamaa za Mwinchande wakawa wamekwisha kusimama wote, nao walikuwa wengi. Sultani akamgeukia kadhi, na kadhi, maskini, siku ile alikosa mkeka wa kutazama, ikambidi aseme kitu. Akasema ya kuwa kwa sheria bakora ama ni mkono siku zote ama si mkono tangu mwanzo, na bwana achague, lakini achague upesi kwa sababu watu wamekaribia.

Sultani akazungusha macho. Akakipandisha kikoi. Akasema polepole, kama mtu anayemeza dawa, "Ni mkono wangu."

"Sisi huku nyuma hatukusikia," akasema Bi Mize.

"Ni mkono wangu! Mkuki nimeurusha mimi."

"Basi nashukuru, Mwinyi. Umerusha vizuri kwa umri wako."

Ikawa imepita. Wakapima uwanja wa Bi Mize kutoka kizingitini mpaka kwenye tundu la mkuki, kamba ikapita kisimani, ikapita mchichani, ikatoboa ua, ikaingia chooni. Choo kikawa cha Bi Mize, pamoja na makuti yake na mbingu yake. Sultani akaona si neno, atachimba kingine upande wa pili. Wachimbaji wakachimba upande wa pili wakakuta mwamba. Wakachimba nyuma ya jiko, mwamba. Wakavunja majembe kila pembe ya nyumba ile, kumbe wazee walikiweka choo pale kwa sababu ndipo palipokuwa na udongo peke yake. Wakati huo Sultani alikuwa anatembea huku na huko uani kwa hatua fupi fupi, jasho likimtoka.

Akampeleka Shamte na bakora kwa Bi Mize kuomba ruhusa. Bi Mize akamkaribisha, akamkalisha juu ya kinu, akaibusu bakora, akasema mkono wa Sultani unaruhusiwa kuingia chooni wakati wowote upendao, mlango u wazi. Shamte akaenda akarudi, akasema Bi Mize, tafadhali, bwana anaumia. Naye akajibu kuwa anaona kuna safari moja ambayo mkono hauwezi kumwendea mwenyewe.

Hatimaye Sultani akaja kwa miguu yake. Wakapatana pale pale mlangoni, haraka, kwa sababu mmoja wao hakuwa na wakati. Bi Mize hakutaka kuku, wala vito, wala cheo. Alitaka kila Sultani aendapo chooni asimame kwanza nje ya ua, apige hodi kwa sauti, angoje mpaka mwenyeji aitikie, na mwenyeji mara nyingine hutwanga hasikii. Na kila akitoka, achote mtungi mmoja kisimani, kwa mikono yake miwili aliyozaliwa nayo, ampelekee atakayeutaka.

Akalipa hivyo maisha yake yote. Na mwaka ule alipokula biriani iliyolala, alijaza mtungi wa Bi Mize, na mitungi ya jirani zake wote, na magudulia ya kwa Mwinchande, na jioni ilipoingia watu walimkuta anamalizia birika la msikiti.